Mnara uliotugombanisha mimi na Afande Deus

Jana nimempigia Afande Deus simu, nimuulize waya fulani aliuweka wapi. Simu imeita mpaka ikakata. Ndipo nikakumbuka kwamba Jumamosi nilimmwagia udongo kwa mikono yangu mwenyewe, kijijini kwao Endiinzi.

Kichwa changu hakiko sawa, jamani. Mnisamehe nikiandika ovyo.

Kwa wasiomjua: alikuwa sajini mstaafu, mtu wa mawasiliano jeshini, akikaa Ruti pale Mbarara. Mimi ni fundi wa simu na redio hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Mkongo wa Kivu Kusini. Alikuja kibandani kwangu na redio mbovu, ile ya kuongea na watu wa nchi za mbali, wanaofanya kwa kupenda tu. Nikaitengeneza. Toka siku ile, kila nikienda Mbarara kununua vipuri nilimalizia kwake.

Redio yake, leseni yake. Ila mnara wa antena alisema tutauchagua wote wawili. Eeh, hapo ndipo tulishindwana, miezi mingi.

Mimi nilitaka nguzo fupi ya mabomba inayokunjwa. Watu wawili mnaishusha, mnafunga kamba, mnabeba. Yeye alitaka mnara wa chuma wa miguu mitatu, mrefu, miguu imezikwa kwenye beto, zege kabisa.

Kila fasi tulipokwenda kuangalia minara, mimi nilianza kwa kuuliza unafungukaje. Muuza vyuma mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Afande hakucheka.

"Fundi, hiyo yako ni ya kukimbia," akaniambia. "Mimi nataka ya kukaa."

Yalinichoma. Sisi batu ba kukimbia hata kitanda hatununui bila kufikiria kitabebwaje. Mpaka leo meza yangu ni ya kukunja.

Lakini kulikuwa na kingine, na leo nasema wazi. Faili yangu ya kwenda kuishi ng'ambo ilikuwa imeanza kutembea. Nilishaitwa mahojiano mara mbili. Sikumwambia. Niliona haya, mtu anachimba msingi na wewe unahesabu siku za kuondoka.

Basi nikawa napinga tu. Leo upepo, kesho radi, kesho kutwa jirani. Akakata kamba yenye urefu wa mnara, akazunguka nayo kiwanja kizima kunionyesha ukianguka utafika wapi. Kamba ikafika banda la kuku la jirani. Akaenda kuomba, banda likahamishwa. Mbishi yule, sijaona.

Mwezi uliopita akanunua ule wa chuma bila kuniuliza. Nikanuna. Sikwenda Ruti tena. Akipiga simu namjibu neno moja moja. Halafu asubuhi moja kifua kikambana, akaketi kwenye kiti chake, ikawa basi.

Baada ya maziko mke wake, Mama Patience, aliniita pembeni. Akaniuliza safari yangu ni lini. Nikajifanya sielewi, safari gani? Akasema Afande alijua zamani. Siku moja alikuwa anatafuta bisibisi kwenye mfuko wangu wa zana, akakuta barua za mahojiano. Akazirudisha, akanyamaza, asinitie aibu.

Nikamuuliza, sasa kwa nini aling'ang'ania ule mrefu?

"Alisema ile fupi haiwezi kukusikia wewe ukiwa huko mbali."

Hata sasa sielewi vizuri. Miezi yote ile nilidhani ananifunga hapa, kumbe alikuwa anajiandaa kubaki.

Na ona sasa. Faili yangu bado imelala, mimi niko, yeye ndiye ameondoka. Vyuma viko uani, shimo liko wazi, Mama Patience anauliza tuuze ama tusimamishe. Leseni ilikuwa ya marehemu. Nani atakaa pale kwenye redio? Atamsikiliza nani?

Nimemwambia asiuze. Nisiulizwe kwa nini, maana hata mimi sijui.

Afande, nina hasira na wewe na nimekukosa, vyote kwa pamoja, sijui nianze na kipi. Ungeniuliza tu, ningekuambia. Na mimi ningekuambia tu, usingekasirika.

Ulale vizuri, Afande wangu.