Mdogo Wangu na Kopo la Dagaa

Mnisamehe kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu naishika mara chache, kwa hiyo herufi zangu zinalala upande na maneno mengine huenda nimeyakosea. Naandika polepole. Hiki mnachosoma kimenichukua siku nne, kila siku nikishamaliza kuosha vyombo.

Nyumbani kwetu Kiseke, mama alikuwa haendi soko la Mwaloni kununua dagaa bila mtoto. Majirani walidhani anatuchukua tumsaidie kubeba mfuko. Sababu ilikuwa kopo. Dagaa hupimwa kwa kopo, na wapo wauzaji wanaogonga kitako cha kopo mpaka kinaingia ndani. Ukisimama unaona kopo limejaa na kilemba cha dagaa juu, kumbe chini wamekupunja viganja viwili. Mtu mzima akiinama kuchungulia unakuwa ugomvi, maana ni kama amemwita mwenzake mwizi. Mtoto hana haja ya kuinama. Macho yake yako sawa na meza, kopo likiinuliwa anakiona kitako.

"Wewe angalia chini, mimi naangalia juu," mama alikuwa akiniambia njiani.

Kopo likiwa baya nilitakiwa kuvuta kanga yake mara moja. Yeye angemwambia muuzaji, "Ngoja tuzunguke kwanza, mama, tutarudi." Hatukurudi, na hakuna aliyekasirika. Kazi hiyo niliifanya mpaka nikarefuka, kisha akaichukua mdogo wangu wa kike. Nilifurahi kuiacha. Mimi watu wakinitazama nasahau hata nilichotumwa.

Mdogo wangu hakuvuta kanga. Alisema. "Mama, hili limebonyea," tena kwa sauti ya kusikika meza ya tatu. Mama alimkanya bila kumkanya sana. Wauzaji wakamzoea.

"Bibi, leo umekuja kunikagua?" mmoja alimuuliza.

"Nimekuja kununua. Kwani una nini cha kukaguliwa?"

Wakacheka, wakamwongezea dagaa wa kumfunga mdomo. Hakufungika.

Mama alifariki wakati wa mvua, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Watu walipotawanyika baada ya msiba, mdogo wangu akaacha kusema. Hakuwa analia. Alikula, alioga, alikwenda shule akarudi. Ukimwita anakuja. Ukimuuliza anakutazama mpaka wewe ndiye unageuka. Ana miaka saba.

Baba yuko visiwani kwenye uvuvi wa dagaa. Hurudi siku za mbalamwezi tu, wakati hawavui, na akirudi analala sana. Nyumbani tukawa wawili. Mimi nami sikuwa nahisi kitu moyoni. Nilifagia, nikapika, nikafua. Watu walinipa pole nikasema asante, nikaendelea kuchambua mchele.

Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa akija kila Jumapili kutoka Buswelu. Jumapili moja alimtazama mdogo wangu akila, kisha akaniambia, "Huyu shule zikifungwa bila kusema, namchukua. Kwangu kuna watoto, kuna kelele, atasema tu. Hapa atajifunza kwa nani? Wewe mwenyewe mpaka ukandwe na maji ya moto ndiyo utoe neno."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Aliyosema yalikuwa kweli. Lakini nilijua akimchukua, hatamrudisha, na mimi nitabaki na sufuria.

Jumamosi iliyofuata dagaa waliisha. Nilimchukua mdogo wangu tukaenda Mwaloni, Kirumba. Sitawadanganya kwamba nilikuwa na mpango. Sikuwa na wa kumwachia.

Tulisimama kwa mama mmoja ambaye sikuwa namfahamu. Dagaa wake walikuwa wazuri, waliokaushwa juu ya chanja, hawana mchanga. Alichota kopo, akaweka kilemba kirefu, akakishika kwa kiganja kisimwagike. Nikahisi gauni langu limevutwa.

Nilijua maana yake. Nilitakiwa kusema tunazunguka kwanza tutarudi. Ni maneno mepesi, niliyasikia miaka yote, lakini hayajawahi kutoka mdomoni mwangu. Gauni likavutwa tena. Nikafungua mfuko, nikaushika wazi ili yule mama amimine.

"Kopo limebonyea."

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Sikuigeukia. Yule mama ndiye aliyeinama juu ya meza.

"Umesemaje wewe?"

"Chini limebonyea."

"Dada, mtoto wako huyu kafundishwa na nani? Anakuja kuniita mwizi mbele ya wateja?"

"Samahani, mama," nikasema. Ndiyo, nilimwomba samahani yeye. Mpaka leo sijui kwa nini. Mdogo wangu aliliachia gauni langu.

Meza ya pembeni alikaa mzee mmoja anayeuza samaki wa sato waliokaushwa. Akasema bila kuinua kichwa, "Si ugeuze tu, mama? Ugomvi wote wa nini na kopo lako mwenyewe?"

"Shikamoo babu, hili halikuhusu."

"Marahaba. Geuza."

Yule mama akamwaga dagaa kwenye beseni, akaligeuza kopo. Kitako kilikuwa kimeingia ndani kama sahani ya chai.

"Lilianguka asubuhi," akasema.

"Lilianguka au liliangushwa?" mzee akauliza, na watu wakacheka. Yule mama akachukua kopo la jirani yake, akapima upya, akaongeza kiganja kimoja. Alimpa mfuko mdogo wangu, mimi hakunitazama.

Njiani nikamwambia, "Umesema."

Alitazama mbele. Nilingoja kusikia kitu kifuani, furaha au kilio, chochote. Badala yake niliwaza mkaa, kama utatosha jioni hiyo.

Jumapili nilimweleza mama mkubwa. Akamwita mdogo wangu, akamshika mabega.

"Mwanangu, nasikia umesema. Nisalimie."

Kimya.

"Niambie jina la shule yenu."

Kimya.

"Unamsingizia mwenzako," mama mkubwa akaniambia.

"Alisema, mama. Mwaloni."

"Sokoni siyo nyumbani. Anayesema na wauza dagaa akamnyima neno mama yake mkubwa, huyo ana hasira, na hasira haiponi kwa kununua dagaa. Nilichosema nimesema. Shule zikifungwa."

Safari hii sikujibu ndiyo. Sikujibu hapana pia. Nilikwenda nje kuanua nguo zilizokuwa bado mbichi.

Tangu hapo nimeanza kununua vibaya. Zamani nilinunua vitu vya wiki. Sasa nanunua kitunguu kimoja, kesho nyanya tatu, keshokutwa chumvi, ili tuwe na sababu ya kwenda kila siku akitoka shule. Mwenye genge la karibu amechoka na mimi. "Dada, chukua fungu zima, kwani unaogopa vitaoza?" Namsogeza mdogo wangu mbele, ninarudi nyuma hatua mbili. Nimegundua nikisimama karibu hasemi. Nikirudi nyuma, anasema.

Na anayosema ni ya bidhaa tu. "Hii imeoza chini." "Hizi ni za jana." "Nataka ile ya nyuma." Juzi alimwambia mwenye genge, "Hiyo siyo kubwa, umeigeuza upande." Nilihesabu maneno yale kichwani mpaka tukafika nyumbani. Nyumbani aliweka mboga kwenye beseni, akakaa kwenye kigoda, akanyamaza mpaka kulala. Mimi bado hajanisemesha hata neno.

Shule zitafungwa baada ya wiki tatu. Mama mkubwa ameshaleta begi, liko nyuma ya mlango. Baba tulimweleza, akasema tutaona.

Nimeandika haya kwa sababu kusema siwezi, na kwa sababu sijui nani mwingine wa kumuuliza. Wewe unayesoma, kama uliwahi kuwa na mtoto nyumbani aliyesema na watu wa nje akawanyamazia wa ndani, niandikie ulifanyaje. Kama ulimwachia akaenda, niandikie hilo pia, na kama alirudi. Mistari miwili inatosha. Usisubiri shule zifungwe.