Fundi Plasta na Bamba la Jumamosi

Saa mbili asubuhi kidirisha kinagongwa, na mkono uliovaa glavu unapitisha trei yenye alama ya meno ya mtu. Mkono unarudi ulikotoka na kidirisha kinafungwa. Hiyo ndiyo salamu pekee atakayoipata Fundi Plasta mpaka karibu adhuhuri.

Anaipokea trei kwa mikono miwili, anaigeuzia mwanga, kisha anacheka peke yake.

"Huyu anatafuna kalamu," anamwambia mwandishi wa makala haya, aliyekaa pembeni. "Tazama ncha za meno ya mbele zilivyolika. Bila shaka mitihani imekaribia."

Mwenye meno ni kijana wa miaka kumi na minne. Fundi halijui jina lake wala sura yake, kwa kuwa karatasi iliyokuja na trei ina namba, umri na maelekezo ya daktari tu. Anakoroga plasta kwenye bakuli la mpira, anaimimina taratibu huku akiigonga trei mezani ili mapovu yatoke, halafu anaiacha igande. Baadaye meno ya plasta yatatoka humo, na juu yake atapinda waya na kumwaga plastiki ya rangi ya fizi. Litapatikana bamba la kuvaa na kuvua, la kunyoosha meno ya huyo mtafuna kalamu.

Kazi hii anaifanya kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno. Dirisha la chumba linatazama ukuta. Vumbi jeupe limekaa kwenye redio, kwenye nyusi zake, kwenye kikombe chake cha chai. Jina la Plasta alipewa na wenzake wa mapokezi, na limemganda kiasi kwamba hata barua za malipo huletwa kwa jina hilo. Hulipwa kwa kila bamba: wiki nzuri hutoa kumi, wiki mbaya matatu. Likizo za shule ndizo mavuno yake, maana wazazi huwaleta watoto wao kwa wingi.

Siri za vijana hao anazo yeye. Anamjua anayesaga meno usingizini, na anamjua binti mkubwa mzima ambaye bado ananyonya kidole gumba. Bamba likirudi kurekebishwa, analitazama mara moja tu akajua kama lilikuwa likivaliwa au lilikuwa likilala kabatini. Lililovaliwa huwa limefifia na kukwaruzika. La kabatini hung'aa kama siku lilipotoka.

"Mama wa mtoto anamwapia daktari kwamba mwanawe halivui hata usiku," anasema. "Mimi huku nyuma nalitazama bamba, nanyamaza. Nimwambie nani?"

Siku moja alikuwa kwenye foleni dukani, mvulana aliyekuwa mbele yake akageuka na kupiga miayo. Fundi aliyatambua yale meno papo hapo. Furaha ikamzidi, akamshika bega na kumuuliza kama lile gego la nyuma limetulia. Mama yake mvulana alimvuta mwanawe upande wa pili na kumwangalia fundi wa watu kama mwendawazimu.

"Nilikuwa namfahamu kuliko jirani yangu," anasema. "Yeye hakuwa na habari kama nipo duniani."

Nyumbani anaishi na binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na mitano. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita kwa ugonjwa uliomchukua haraka, na maneno mengi ya nyumba ile yakaondoka naye. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji. Baba na binti walibaki wakipishana sebuleni kama wapangaji wawili wenye adabu: shikamoo, marahaba, chakula tayari, ahsante, usiku mwema.

"Sikujua pa kuanzia," anakiri. "Ningemuuliza shuleni kukoje, angesema kuzuri. Basi, maneno yangeishia hapo."

Msiba ulipotimiza mwaka hivi, alianza kuona binti akiziba mdomo kwa kiganja kila alipocheka. Chonge la juu lilikuwa limeota juu ya mengine, karibu na fizi, halina pa kukaa. Fundi akaona kitu anachoweza kumfanyia mwanawe.

Alileta kutoka kazini trei na unga unaokorogwa kuchukulia alama, akachukua alama ya meno ya binti kwenye meza ya jikoni, kisha akatengeneza bamba bila maelekezo ya daktari yeyote. Hakuwahi kutengeneza jingine kwa uangalifu wa namna ile. Plastiki aliitia rangi ya zambarau aliyoipenda binti, na katikati akaweka skrubu ndogo ya kutanua taya, inayozungushwa kidogo kila wiki.

Wakapanga izungushwe Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Fundi alinawa mikono, akavuta kiti karibu na dirisha la jikoni, akasema, "Fungua, mama." Akazungusha skrubu, akarudisha bamba mahali pake, akasema, "Uma. Inauma?" Kwa kuwa bamba humfanya mtu aseme kwa kitembe mpaka ulimi uzoee, alimtaka binti akae aongee kidogo, apate kusikia kama limekaa sawa.

"Niongee nini?" binti aliuliza siku ya kwanza.

"Chochote."

Akaongea. Alisimulia habari za mwalimu wa hisabati anayesinzia akiwa amesimama, na za rafiki yake aliyehama bila kuaga. Jumamosi moja alisimulia habari za marehemu mama yake, jinsi alivyokuwa akiimba vibaya bafuni, na wakacheka mpaka bamba likadondoka mezani. Fundi anasema hakuna siku aliyopenda kazi yake kama siku ile.

Mambo yaliendelea hivyo karibu mwaka mzima. Kisha mchana mmoja fundi alisahau miwani nyumbani, na binti akampelekea kazini. Dada wa mapokezi akatania kitu, binti akacheka, na daktari aliyekuwa akipita akaliona lile chonge kabla kiganja hakijafika mdomoni.

Daktari huyo, mwanamke mwenye sauti ya chini, alimkalisha kwenye kiti, akampiga picha ya taya, halafu akamwita baba yake.

"Fundi, wewe unajua bamba halishushi chonge lililokaa namna hii."

"Najua, Daktari."

"Limesukuma meno ya pembeni nje. Ya nyuma hayakutani tena vizuri. Yatarekebishika, ila huyu mtoto amepoteza mwaka."

Fundi anasimulia hayo akiwa ameinamia meza yake. Anasema alijua tangu mwanzo, ila alijifanya hajui. Kazi ya kuvuta chonge kama lile ni ya waya za kubandika, na waya za kubandika hazipiti chumba cha nyuma. Huagizwa zikiwa tayari, na daktari huzibandika mwenyewe.

"Nilitaka iwe kazi ninayoiweza mimi," anasema. "Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani."

Daktari alivuta kiti akakaa mbele ya binti, si mbele ya baba. Alimweleza kwamba bamba la kuvua lina kazi yake, kwa watoto wadogo na kwa meno yaliyoinama kidogo, ila kwake halifai. Kuna vifuniko vya plastiki angavu visivyoonekana kwa urahisi, vinavyobadilishwa kila baada ya muda mfupi. Hivyo ni ghali, na kwa chonge la namna ile havina uhakika sana. Kuna waya za kubandika: angeng'olewa gego dogo kila upande ili nafasi ipatikane, kisha avae waya kwa miaka miwili hivi, aumwe siku za mwanzo, apige mswaki kwa bidii kila anapokula. Na anaweza pia kuyaacha meno yake yalivyo, maana si ugonjwa wala si kosa.

"Wewe unataka nini?" akamuuliza.

"Waya," binti akajibu bila kumtazama baba yake.

Jioni ile walinunua mkate, wakarudi nyumbani kwa miguu. Fundi alitafuta namna ya kuomba radhi. Binti ndiye aliyeanza.

"Baba, mimi nilijua zamani. Nilisoma kwenye simu, wiki za mwanzo tu."

"Ulijua halitasaidia?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona ulikuwa unalivaa? Bamba limekwaruzika kote, nimeliona. Ulikuwa unalivaa kweli."

Walikuwa wamefika nyumbani; binti akashika komeo la lango.

"Ningeacha kulivaa," akasema, "Jumamosi tungefanya nini?"

Fundi anapofika hapo anavua miwani, anaipangusa kwa shati lililojaa vumbi, inazidi kuchafuka. Alilia palepale langoni, anasema, na binti akamshikia mfuko wa mkate mpaka alipomaliza.

Waya zilibandikwa miezi sita iliyopita, na gharama inakatwa kidogo kidogo kwenye malipo yake. Binti alichagua mwenyewe rangi ya vipira vya kufungia, kijani safari hii. Kila akija kliniki kukazwa waya, fundi huisikia sauti yake upande wa pili wa kidirisha akitaniana na daktari. Chonge limeanza kushuka. Kiganja hakipandi tena mdomoni, na marafiki wameongezeka.

Jumamosi ya kwanza baada ya waya, fundi alinawa mikono kwa mazoea, akavuta kiti karibu na dirisha, halafu hakujua mikono aiweke wapi. Binti alikuja akakaa. Walitazamana, wakacheka kidogo, wakazungumzia mvua. Haikupita robo saa akaomba ruhusa kwenda kwa rafiki yake. Siku nyingine hukaa zaidi. Siku nyingine hayupo kabisa, na fundi huja kliniki ingawa si zamu yake, akasafisha meza ambayo ni safi.

"Anacheka sana siku hizi," anasema. "Sema anachekea huko nje. Ndivyo inavyotakiwa, si ndiyo? Lakini nyumba imekuwa kubwa."

Anapoulizwa mipango yake, uso unachangamka. Waya zikivuliwa, anaeleza, meno hutaka kurudi yalikotoka, kwa hiyo kila kijana hupewa bamba jembamba la kulalia, la kuyazuia. Hilo hutengenezwa chumba cha nyuma, na daktari ameshamwahidi kwamba la binti yake litapitishwa kwenye kidirisha kama mengine, na karatasi yake ya maelekezo. Wakati huo binti atakuwa amemaliza shule. Anataka chuo cha mji mwingine, mbali, na fundi ameshaanza kumwekea akiba ya nauli.

"Bamba la kulalia halina skrubu," anasema. "Hakuna cha kukaza kila wiki. Likikaa vizuri, mtu anaondoka nalo, na anaweza asionane na fundi tena kwa miaka."

Mwandishi anamtania: si alilegeze kidogo tu, ili binti awe anarudi Jumamosi mojamoja kurekebishiwa?

Fundi Plasta anacheka kwa nguvu mpaka vumbi linaruka kwenye nyusi. Kisha kicheko kinamwishia. Anachukua koleo, anachagua waya, anaanza kuupindia kwenye meno ya mtafuna kalamu.

"Nilishamfanyia hivyo mara moja," anasema. "Hilo la kulalia litakaa sawasawa. Aende."