Povu Chini ya Jiko la Mama

Dada Penseli alikuwa mchora ramani. Jina hilo alilipata kwa ile penseli aliyoichomeka kwenye nywele mchana kutwa, ingawa ni zamani sasa tangu aanze kuchorea kwenye kompyuta. Nyumba za watu amechora mpaka basi. Ya mama yake ndiyo iliyomtoa jasho.

Mama alikuwa na baridi yabisi. Wanaoijua hawahitaji kuelezwa, na wasioijua wamshukuru Mungu wanyamaze. Aliishi huko juu mlimani ambako msimu wa baridi hauna utani, na ubaridi wa ardhi ulipanda kupitia sakafu ya saruji ukamwingia magotini. Asubuhi moja Penseli alimkuta anatambaa kwenda msalani. Mama mzazi, anatambaa! Alilia, kisha akaapa kwamba msimu wa baridi ujao hautamkuta mle. Kumhamishia kwake haikuwezekana, maana yeye mwenyewe alipanga ghorofani, na ngazi zile zingemmaliza bibi wa watu. Ikabidi amjengee nyumba mpya hukohuko mlimani.

Dawa ya sakafu baridi ni kutandika povu gumu chini ya zege, lile jeupe linalofungashiwa televisheni, ila limeshindiliwa zaidi. Lakini kuikalisha nyumba juu ya povu si mchezo. Akamwendea injinia wa majengo aliyefanya naye kazi siku nyingi, ambaye pale ofisini walimwita Mzee Hapana, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake la kwanza hata ukimwuliza kama atakunywa chai.

"Hapana," alisema. "Nyumba juu ya godoro?"

"Magoti ya mama yameisha, mzee wangu."

Injinia akamtazama, akavuta kiti.

Walibishana juu ya meza ile mpaka chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Kuta zilikuwa nyepesi, kwa hiyo povu la kawaida lingetosha. Kasheshe ilikuwa jiko. Mama alitaka jiko la mawe lenye dohani, na ndilo lingeipasha nyumba nzima, maana povu huzuia joto lisitoroke tu, halileti joto. Mzigo wote huo ungesimama mahali pamoja. Injinia akaagiza hapo povu gumu zaidi na nondo za ziada. Penseli akalichora tabaka hilo la povu peke yake kwenye kompyuta, kisha akalifunga lisiguswe. Kazi ya Mzee Hapana aliiheshimu mno, hakutaka mkono uteleze ukaiharibu.

Mama alipoletewa ramani, aliishika mbali na macho, akasema, "Mbona jiko mmeliweka upande wa machweo? Mimi nikiamka nataka jua linikute jikoni."

Nani angemkatalia? Penseli akaipindua nyumba, kulia ikawa kushoto, kwa kubofya mara moja, kama wachora ramani wote wafanyavyo. Nyumba ikapinduka. Tabaka la povu halikupinduka, kwa sababu lilikuwa limefungwa. Injinia alipoletewa karatasi ya povu aliiona iko vilevile alivyoikumbuka, akatia sahihi. Mafundi wakatandika kama walivyoagizwa, wakamwaga zege, wakaanza kuta.

Zege lilipokauka mama akaletwa kuangalia. Akavua viatu, akasimama peku. "We mtoto!" akasema. "Haiumi!" Akatembea huku na huku, akicheka peke yake, na Penseli alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu utoto.

Siku ya kumwandalia fundi wa mawe karatasi za jiko, akabandika ya nyumba na ya povu, moja juu ya nyingine, kwenye kioo cha dirisha, apate kuona dohani itapita wapi. Povu lile gumu zaidi lilikuwa chini ya chumba cha kulala. Chini ya jiko lilikuwa lile la kawaida. Akatazama tena. Akazitoa, akazibandika upya, akitamani macho yake yawe ndiyo yenye kosa.

Mzee Hapana hakumgombeza. Heri angemgombeza! Alipiga hesabu, akazirudia, akavua miwani.

"Jiko likisimama hapo litadidimia polepole. Sakafu itapasuka, na dohani italala. Livunjeni zege upande ule mmwage upya, na kuta zake zishushwe."

"Na msimu wa baridi, mzee?"

"Utawakuta hamjamaliza." Akafuta miwani kwa shati. "Na mimi nilitia sahihi, mwanangu. Hili ni letu wote wawili."

Penseli akaenda moja kwa moja kwa mama. Alimkuta kitandani, miguu imefungwa blanketi, akamweleza yote bila kujitetea. Mama alisikiliza. Alipoambiwa angekaa msimu mwingine mle ndani, alifumba macho.

"Hilo jiko likijengwa hivyohivyo," aliuliza, "litadondoka lini?"

"Sijui, mama. Injinia anasema linaweza kuchukua hata miaka kumi."

"Kumi!" Mama akacheka kidogo. "Basi jengeni. Mimi nitakuwa wapi miaka kumi? Nipeni joto langu sasa, hayo mengine mtajua wenyewe."

Njia nzima kutoka kwa injinia Penseli alikuwa akiipiga hesabu hiyohiyo, povu litahimili muda gani na mama atakuwa hai muda gani, na katika hesabu hiyo mama ndiye aliyetangulia kufa. Aliona haya kumtazama usoni.

Akatoa simu, akampigia fundi palepale, mama yake anasikia.

"Kesho njoo na nyundo kubwa," alisema. "Tunavunja."

Mama akageukia ukutani, akajivutia blanketi mpaka kichwani.