Nilivyomtoa Wifi Melini na Gauni la Kulalia

Sogea karibu na jiko, ndugu unayenisoma. Leo upepo wa Makambako unapita hadi chini ya mlango, na jambo ninalotaka kukwambia sitaki kulipazia sauti. Nimekosa. Nimekosa kwa makusudi, nikiwa na akili zangu timamu, na nikafurahi!

Jina langu liache. Wanaonijua watanijua tu kwa habari ya taulo.

Kabla sijarudi nyumbani nilifanya kazi kwenye meli kubwa za kitalii, zile zenye ghorofa juu ya ghorofa, ambazo mgeni akiingia siku ya kwanza anapotea kama mtoto mnadani. Nilikuwa nasafisha vyumba. Natandika kitanda, nasugua bafu, nakunja taulo ziwe tembo au bata, ili mgeni akirudi acheke. Sasa nina duka la mashuka na mapazia hapa mjini, na kila penye harusi naitwa kukunja taulo.

Adui yangu ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Nitamwita Salome. Anaishi Njombe mjini, ni kiongozi wa akina mama kanisani, na kola yake haijawahi kukunjamana. Huyo ndiye aliyesema mbele za watu kwamba mwanamke anayeingia vyumba vya wanaume wa kigeni hatandiki kitanda tu. Hilo nililimeza.

Nililoshindwa kumeza ni la msiba wa mama mkwe. Nilifika Kitandililo, kijijini kwa wakwe, nikafunga kanga kiunoni, nikaketi na wakamwana wenzangu kumenya viazi. Salome akaja akanichukulia kisu mkononi.

"Aa, wifi, wewe ni mgeni wa kimataifa. Kakae kule kwenye viti, utaletewa chakula."

Wewe unayetoka kwingine labda utaona ni heshima. Ngoja nikueleze. Huku kwetu mkamwana kwenye msiba wa ukweni yuko jikoni, macho mekundu kwa moshi. Kumketisha kwenye viti vya wageni ni kumwambia hukuwahi kuwa wetu. Nikaletewa wali na nyama, nikamiminiwa maji ya kunawa kama mkuu wa wilaya. Watu wote wakaona! Mama yule alinipenda, nami sikumpikia hata sufuria moja siku aliyoondoka.

Nikaapa moyoni kwamba siku moja Salome naye atasimama mbele za watu akose pa kuweka uso.

Sasa, Salome ana binti, Jesca, muuguzi, ameolewa Durban. Jesca hana roho ya mama yake. Ndiye aliyeahidi kumchukua binti yangu Neema, akae kwake asomee uuguzi. Chuo kilishapatikana. Neema alikuwa anahesabu Jumapili zilizobaki. Lishike hilo, ndugu, maana mimi nililisahau.

Siku moja Salome akaingia dukani kwangu.

"Kamwene, wifi."

"Kamwene. Leo upepo umekuleta?"

"Amenileta Jesca. Anataka kunipeleka melini, yeye na mumewe na watoto. Anasema nikuulize wewe. Mimi nisingeuliza." Akapangusa kiti kwa kitambaa kabla ya kukaa. "Hivi humo kuna choo, au watu wananing'inia?"

"Kipo, tena kinavuta kwa kishindo. Usibonyeze ukiwa bado umekalia."

Akacheka! Mimi pia nikacheka. Nikamwekea chai, nikaanza kumfundisha. Na ujue mimi napenda kueleza, Mungu aliniumba hivyo. Hata nikikuchukia nitakueleza mpaka uelewe.

Nikamwambia achague chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, maana huko mtikisiko ni mdogo. Kichefuchefu kikianza asilale chumbani. Apande juu penye hewa, atazame mbali pale maji yanapokutana na anga, atafune biskuti kavu au tangawizi. Nikamweleza kwamba kadi atakayopewa ndiyo ufunguo na ndiyo pochi: chakula cha ukumbini kimeshalipiwa, ila soda na picha zinaandikwa kwenye kadi kimyakimya. King'ora cha mazoezi ya kujiokoa kikilia, aende akaoneshwe boya lake, asijifanye amechoka. Wakishuka bandarini kutembea, afuate saa ya meli na siyo ya simu, maana meli haimsubiri mtu.

Yote kweli. Kila neno!

Kisha akauliza, "Na siku ya kurudi?"

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti.

"Usiku wa mwisho," nikasema, "unatoa begi lako kubwa nje ya mlango. Vijana wanalichukua. Si unajua mgeni akiaga kwetu habebi mzigo? Wenyeji wanambebea, wanamsindikiza hadi barabarani. Na wao ni hivyo hivyo."

Akatikisa kichwa kukubali. Mpaka hapo nilikuwa bado nasema kweli.

"Sasa nguo zako zote zitie humo. Bakiza ya kulalia tu. Asubuhi wanakuletea nguo za kutokea, zimepigwa pasi."

"Pasi kabisa?"

"Pasi ya mvuke, wifi."

"Na pasipoti?"

"Humo humo, chini kabisa, isiibiwe. Watakuletea karatasi ya Kiingereza mlangoni. Achana nayo, ni mambo ya bima."

Jamani! Nilisema hivyo huku namwongezea chai. Uongo kidogo, nimeuzungushia ukweli kama shuka jeupe.

Ilivyokwenda, alinisimulia Jesca kwa simu. Salome alikuwa na chumba chake peke yake, chini, kama nilivyomshauri. Usiku ule Jesca alimuuliza, "Mama, umeelewa habari ya mabegi?" Naye akajibu, "Mwanangu, mimi nimefundishwa na mwenyewe aliyefanya kazi humu. Wewe hangaika na wanao."

Asubuhi akakaa kitandani kusubiri pasi ya mvuke. Akasubiri. Watu wakatangaziwa kushuka. Jesca alipogonga mlango alimkuta mama yake na gauni lake la kulalia la Njombe, lile zito la maua, na soksi za sufu hadi magotini! Jesca ni mwembamba. Nguo yake haikumpita mama mabegani. Ikabidi avikwe koti la mkwewe. Mkwe, ndugu yangu! Mwanaume ambaye hata mkono humpa kwa kuinama, ndiye avue koti amsitiri.

Hivyo ndivyo kiongozi wa akina mama alivyoshuka ngazi, kwenye joto la Durban, katikati ya umati, na bila pasipoti hakuruhusiwa kwenda popote. Begi lake lilikuwa kwenye ukumbi wa bandarini, kati ya mabegi yasiyo na mwisho. Dawa zake za presha nazo zilikuwa humo. Hilo, naapa, sikulifikiria. Akaona kizunguzungu, akaketishwa sakafuni. Begi lilipopatikana, ndege ya kumrudisha nyumbani ilishaondoka.

Sitakudanganya. Jesca alipofika pale pa soksi, niliziba simu kwa kiganja nikacheka mpaka machozi.

Kisha akasema, "Anti, wewe ndiye ulimwambia atoe nguo zote?"

"Labda hakunielewa vizuri, mwanangu."

"Amerudia maneno yako yote, anti. Tangawizi. Saa ya meli. Hata habari ya choo. Yote aliyashika sawasawa. Hilo moja tu ndilo akosee?"

Nikavuta taulo mezani, nikaanza kuikunja kwa mkono mmoja. Mimi, wa kueleza!

"Siwezi kumlea mtoto wa mtu aliyemvua nguo mama yangu," akasema, na simu ikakatika.

Neema alikuwa pale pale dukani, anapanga foronya. Alisikia upande wangu, na upande wa pili akausoma usoni mwangu. Alimaliza kupanga zile foronya, kila rangi mahali pake.

Mume wangu nilipomweleza akasema, "Ungempiga kofi pale pale msibani, tungeshamaliza."

Wiki chache baadaye Salome alikuja. Kola imenyooka. Hakukaa.

"Nimekuja kukushukuru kwa ushauri, wifi. Una shuka zito? La kujifunikia nikienda melini tena?"

"Wifi, kama ni kugombana..."

"Sigombani. Mimi nguo zangu nilizipata siku ile ile." Akamtazama Neema, aliyekuwa nyuma yangu na mkasi na kitambaa. "Sare ya uuguzi ya mwanao utaipata wapi?"

Akatoka. Nilitaka kuruka meza nimkamate shingo! Nikabaki nyuma ya meza, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Tulikwenda Njombe, mimi na mume wangu, kuomba radhi. Salome akanisamehe mbele ya mchungaji, kwa sauti, ili kila mtu asikie alivyo mwema. Lakini nafasi kwa Jesca imeshachukuliwa na binti wa shemeji yangu. Neema yuko nami dukani. Ananijibu kwa adabu: ndiyo mama, hapana mama, shuka la sita kwa sita limeisha. Zaidi ya hapo, hapana.

Je, nimemsamehe Salome kwa yale ya msibani? Bado. Sikudanganyi, bado, na usiku mwingine nikikumbuka soksi zile natabasamu gizani, halafu nasikia mwanangu anajigeuza chumba cha pili, na tabasamu linaniishia mdomoni. Alistahili aibu ile. Neema hakustahili. Kisasi changu hakikuuliza nani ni nani.

Basi kwa wewe utakayepanda meli, nilipie deni langu kwa kulishika hili: usiku wa mwisho, kabla ya kufunga begi kubwa, tandaza kitandani nguo za kesho, viatu, dawa na pasipoti, uvitie kwenye mkoba mdogo utakaoubeba mwenyewe. Karatasi ya mlangoni isome. Usipoielewa, muulize anayesafisha chumba. Atakueleza kwa furaha.

Na wewe uliyeumizwa kama mimi, ukiona aliyekuumiza amekuja kukuuliza njia, na moyo wako umeanza kuchemka, usimfundishe hata neno moja. Mwambie, "Sijui, kamuulize mwingine," kisha ufunge duka uende nyumbani.