Fundi Nusu na Alama za Wodini

Chuoni walimwita Fundi Nusu, na jina lilimkaa barabara. Kila mtihani ulioletwa mezani kwake aliupasua katikati: maswali ya namba witiri huku, ya namba shufwa kule, kisha akatazama kama nusu mbili zinaelewana. Mtihani unaojipinga wenyewe, alisema, usiuulize habari za mtu. Mumewe alimtania kwamba ipo siku mume naye atapasuliwa, ionekane kama nusu zake zote mbili zinampenda mke mmoja.

Mtihani alioupenda kuliko yote ni ule wa kuchagua wanafunzi wa uuguzi. Aliutunga mwenyewe, na sababu alikuwa nayo. Ujanani alitaka sana kuwa muuguzi, lakini wakati ule watu waliingia kwa usaili wa mdomo tu, na yeye ana kigugumizi. Aliketishwa mbele ya wakubwa, ulimi ukagoma, akarudi kwao analia. Kwenye karatasi hakuna anayegugumia. Sasa kamati ya chuo ilitaka kuufuta mtihani huo na kurudi kwenye usaili, na kikao kilikuwa kesho yake.

Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walilinganisha alama za mtihani na alama wanazopata wanafunzi wakiwa kazini wodini. Kipimo chenyewe ni hivi: moja kamili ni kuelewana kabisa, sifuri ni kila mmoja na lake. Kilitoa nukta tatu. Mwenyekiti akasema kwa nukta tatu, afadhali kurusha shilingi.

Maneno hayo yalimchoma. Akiwa bado amenuna, akajiuliza swali ambalo lilikuwa mbele ya pua yake siku zote: mtihani nimeupasua, je, alama za wodini nani amezipasua? Muuguzi mkuu alizitoa peke yake. Kwa bahati, msaidizi wake naye alikuwa amewapima wanafunzi walewale, bila ya wawili hao kuulizana. Fundi Nusu akakimbia kuziomba, akaziweka ubavuni mwa zile za mkuu, akalinganisha. Wapimaji wawili, wanafunzi walewale, nao walielewana kwa nukta tatu sita tu! Aliyekuwa wa kwanza kwa huyu alikuwa karibu wa mwisho kwa yule.

Ukipima unga kwenye mizani inayoyumba, usimlaumu muuza unga. Mtihani ungekubaliana vipi na alama ambazo zenyewe hazikubaliani? Kwa kanuni ya kuondoa kuyumba huko, akatafuta kipeuo cha pili cha nukta tatu sita, akapata nukta sita, akaigawanya ile nukta tatu kwa hiyo sita, ikapanda ikawa nukta tano. Alicheka peke yake ofisini. Kisha akasahihisha na kuyumba kwa mtihani wenyewe, kadiri nusu zake mbili zilivyopishana, ikapanda tena, karibu nukta sita. Akampigia mumewe, na kwa furaha kigugumizi kikazidi, mzee wa watu akangoja kwa subira mpaka namba ikafika.

Alikuwa anaosha vyombo jioni mkono ulipoganda ndani ya povu. Kusahihisha makosa ya wodini ni haki, kwa sababu wodini tulipima vibaya. Lakini mwombaji ataufanya mtihani huuhuu, na kuyumba kwake kote. Mtihani usioyumba haupo, na hakuna atakayeufanya. Alikuwa anaupigia debe mtihani wake, kama mzazi na mwanawe. Njia ya mwongo ni fupi, akajisemea, akaifuta ile karibu nukta sita, akabaki na tano, kabla hajakausha mikono.

Mbele ya kamati alisema nukta tano, akaeleza ilikotoka, ulimi ukimkwama na kukwamuka. Mwenyekiti alikagua hesabu mara mbili, akauliza maswali magumu, akajibiwa. Mwishowe akatamka kwamba mtihani unabaki, na wodini kuanzia sasa kila mwanafunzi apimwe na watu wawili. Fundi Nusu alitamani kupanda juu ya meza.

Muuguzi mkuu naye alikuwa kikaoni. Ndipo akamgeukia Fundi Nusu.

"Mwanangu, yule binti niliyemwondoa mwaka jana kwa alama zangu za wodi. Alistahili?"

Fundi Nusu akamjibu kwa upole.

"Mama, kwa alama zako pe-peke yako, hatuwezi kujua."

"Kwa hiyo huenda nilimwonea."

"Huenda."

Mama yule akatoa simu mkobani, akapiga palepale, kamati nzima ikimtazama. Ikapokelewa.

"Binti, ni mimi, muuguzi mkuu. Usikate, tafadhali. Nakuomba urudi nikupime upya. Safari hii sitakuwa peke yangu."