Mukono Iliyoangusha Mwiko

Ule mwaka Bunia tulikula bugali ya kuchanganya. Watu wa Djugu walikuwa wamekimbia vita, muhogo yao ikabaki udongoni bila mutu wa kuing'oa, na unga iliyofika soko ya Mudzipela ilikuwa mahindi mingi, muhogo kidogo. Mboga ilikuwa matembele. Asubuhi matembele, mangaribi matembele, mupaka wajukuu wangu wakaniuliza kama siye tumekuwa mbuzi.

Bugali ya kuchanganya ni nzito. Inakamata mwiko kama vile matope inakamata muguu. Ninasema hivyo mapema juu watu wanapenda kusema ni uzee iliniharibia mukono. Uzee! Kazi ndiyo. Nimesonga bugali toka ningali nasimama juu ya tofali ili nifikie sufuria.

Kwetu iko desturi moja. Bugali ya matanga, ile ya sufuria kubwa ya kulisha watu wanaokuja kulia, haifunguliwe na mutu yeyote tu. Muke mukubwa wa familia ndiye anatia mwiko ya kwanza. Anazungusha mupaka unga ishikane, kisha wengine wanaendelea. Mwiko yetu ni ndefu kama jembe, na pale inaposhikwa imekuwa nyeusi kwa jasho ya wanawake waliokufa. Mama wa bwana yangu aliniachia mimi. Hakuachia binti yake. Na ule binti yake, wifi yangu, hajanisamehe mupaka leo.

Basi, kaka mukubwa wa bwana yangu akafariki, na matanga ikakaa kwangu.

Mukono yangu ya kuume ilikuwa imeanza kunisumbua mbele ya hapo. Kidole gumba na viwili vinavyofuata vilikuwa vinakufa ganzi. Nilikuwa naamka usiku ninaukung'uta mukono kama mutu anayefukuza siafu. Kidole kidogo tu ndicho kilibaki na akili. Nikimusuka mujukuu wangu, nywele inaponyoka, anasema, "Koko, unasuka kama mulevi." Nilicheka naye, sikumwambia mutu kitu.

Siku ile maji ilichemuka, nikamwaga unga, nikashika mwiko, nikazungusha. Vidole vikaachia. Mimi sikuviambia viachie. Mwiko ikaanguka ndani, ikazama nusu, mbele ya wote waliokuwa wanalia.

Wifi ndiye alifungua kinywa wa kwanza. "Marehemu amekataa bugali!"

"Marehemu iko ndani ya sanduku," nikamujibu. "Ni mukono yangu ndiyo imekataa."

"Mukono ya mutu haikatae bure. Ulimufanyia kaka yangu nini?"

Ikaisha hapo. Kama marehemu amekataa chakula, ni nani mwingine atakula? Bugali ikapoa, ikapasuka juu kama udongo ya kiangazi. Watu waliotoka mbali, hata wale wa Gety, wakalala na maji ya moto tumboni. Katika mwaka kama ule! Nililia sana, na wote wakafikiri ninalia shemeji yangu. Nililia bugali.

Kesho yake familia ikakaa chini, ikaamua nichanjwe. Wakaleta muzee mumoja na wembe. Akanikata chale kuzunguka kifundo cha mukono, pale watu wanavaa saa, akasugua ndani majivu nyeusi ili kumufukuza marehemu. Iliuma kweli, lakini iliuma pale tu ngozi ilipokuwa bado na uhai. Mutoto wangu wa kwanza alikuwa ananishika bega.

"Mama," akasema, "weye sasa iko muzee. Ukae tu. Mwiko uachie muke wangu, siye tutakulisha."

Tutakulisha! Kama kuku iliyovunjika muguu. Muke wake ni mutu muzuri, aliangalia chini. Wifi hakuangalia chini. "Mukono haishike hata kijiko," akasema, "itashika mwiko?"

Nikawaambia wote, "Mwiko hii ni yangu. Sitaachia mutu."

Chale ilipona, ganzi haikupona. Siku moja nilikuwa nakaanga samaki ya Kasenyi, nikasikia harufu ya nyama inaungua. Nikatafuta ndani ya karai, samaki iko muzuri. Nikatafuta chini, kwenye makaa, hakuna kitu. Kumbe ni kidole changu, kimelala juu ya chuma ya moto na hakikuniambia. Hapo nikaogopa. Mukono inayoungua bila kukwambia si mukono tena, ni mutu mugeni nyumbani kwako.

Kidonda ikatoa usaha, nikapanda moto, ile pikipiki ya kubeba watu, nikaenda lopitali. Mwiko nilikuwa nayo, nimeifunga ndani ya kitenge. Sikutaka niiache nyumbani na wifi.

Munganga alikuwa kijana, umri ya mutoto wangu wa mwisho. Akasafisha kidonda, kisha akageuza mukono yangu, akaangalia chini ya kidole gumba. Pale panakuwa na kilima ya nyama. Yangu ilikuwa imebonyea kama tunda ya jana.

"Koko, nani alikuchanja?"

"Familia."

"Walikuwa wanatafuta nini?"

"Marehemu."

Hakucheka. Akanikunjisha mikono, migongo ya vidole igusane, akaniambia ningoje. Haikupita muda siafu wakaanza kutembea ndani ya vidole. "Inakuja, si ndiyo?" akasema. Kisha akaeleza. Ndani ya kifundo cha mukono iko mulango mudogo. Kamba za kukunja vidole zinapita pale, na mushipa unaobeba habari za vidole nao unapita palepale, wote kama watu wanaotoka kanisani kwa mulango moja. Juu ya mulango iko mukanda ngumu. Kazi ikizidi, mulango inajaa, mushipa unabanwa. "Wembe ulifika ngozi," akasema. "Ugonjwa iko chini."

Nikafungua kitenge, nikamuonyesha mwiko. Akaishika, akajaribu kuzungusha hewa, akatoa macho. "Hii?"

"Hiyo."

Akasema dawa ziko. Iko kibao ya kufunga mukono usiku ili isikunjike. Iko sindano ya kupunguza uvimbe. Kama ningekuja mapema, hizo zingeweza kutosha. Lakini nyama ya gumba imeanza kwisha, na nyama ikiendelea kwisha, kibao haitairudisha. Iliyobaki ni kufungua kiganja, kukata ule mukanda, mushipa upumue.

"Vidole vitarudi?"

"Maumivu ya usiku itaenda haraka. Ganzi itaenda polepole, pengine si yote. Nguvu ya gumba, siwezi kukuapia."

Nilimupenda juu hakuniapia. Wanaoapa ni wenye wembe.

Pale kwenye benchi nje nilikaa na mwanaume mumoja, mulimaji wa Djugu. Panga ilimukata juu ya kifundo cha mukono, mushipa ukakatika kabisa. Wake haukubanwa, ulikatika, kwa hiyo kumufungulia mulango haingesaidia. Walitoa mushipa mwingine kwenye muguu wake, wakaushona mukononi kuunganisha. Alikuwa anangojea uote. "Unaota polepole kuliko muhogo," akaniambia, "na muguu sasa iko na pahali pasiposikia. Lakini angalia." Akainua kidole kimoja, kidogo sana, akacheka kama mutoto aliyesimama mara ya kwanza. Kile kidole ndicho kilinishawishi.

Nyumbani walikataa wote. Mutoto wangu akasema nitakufia mezani kwa munganga. Wifi akasema waliopasuliwa mukono inakauka kama tawi. Nikawauliza, "Kwani sasa iko na maji?" Nikaenda.

Walinichoma sindano ya kufisha mukono tu, macho yangu wazi. Waliweka kitambaa nisione, basi nikaongea. Niliwapigia hadithi ya bugali iliyokataliwa, na munganga akaniomba ninyamaze kidogo juu alikuwa anacheka na kisu iko mukononi. Usiku ya kwanza siafu hawakuja. Kiganja iliuma, ndiyo, lakini ilikuwa maumivu yenye jina.

Aliniambia nisibebe kitu kizito mupaka aseme. Nilitii. Sipendi kutii, lakini mutu asiyekuapia bure unamusikiliza. Nilifungua na kufunga vidole kila siku, nilichambua maharagi, nilimusuka mujukuu. Wakati huo wote muke wa mutoto wangu alisonga na mwiko nyingine. Yetu ilikaa chini ya kitanda yangu.

Munganga akaniruhusu. Na siku ya kutoa matanga ya shemeji ikafika. Watu walewale, sufuria ileile. Unga safari hii ilikuwa muhogo safi kidogo kuliko ule mwaka. Nikatoka na mwiko begani. Ncha ya kidole cha kati ilikuwa bado imelala, na iko imelala mupaka leo. Kilima ya gumba haijajaa yote. Ninasema kweli.

Wifi akasimama mbele ya sufuria. "Safari hii asifungue. Mnataka kaka yangu akatae tena?"

"Kaka yako alikuwa anakula kushinda wote," nikasema. "Ondoka, moshi inakuingia macho."

Nikatia mwiko. Nikazungusha. Unga ikakaza, ikavuta, na gumba ikatetemeka, watu wote wakaona. Lakini kitu kimoja hawakukiona: joto. Mvuke ilipanda ikanichoma vidole, na vidole vikaniambia. Viliniambia! Nikazungusha mupaka unga ikashikana.

Jasho ilikuwa inanitoka. Muke wa mutoto wangu akaja karibu polepole, kwa heshima, akanyoosha mikono yote miwili. "Mama, umefungua tayari. Nipe sasa, na ukae mbali nayo, mukono isirudi kuharibika. Niachie tu mwiko."

Nikamupa nafasi kando yangu. Nikamuonyesha pa kushika, chini ya mukono yangu, tuzungushe pamoja. Na nikamwambia, wote wakisikia:

"Mwiko hii ni yangu. Sitaachia mutu."