Shafti Bila Kifuniko

Jumamosi, 14 Machi 2009. Asubuhi baridi, mawingu bila mvua.

Marafiki, leo kwenye duka la mashine za kilimo karibu na Adams Arcade nimeona mashine ikimvua mtu koti.

Nilienda na mume wangu kuchagua rotaveta, ile mashine ya visu inayofungwa nyuma ya trakta kusaga udongo. Trakta yetu ni ndogo, kwa hivyo nilibeba vipimo vyote kwenye karatasi.

Muuzaji alifunga moja kwenye trakta ya dukani, na alipotaka kuiwasha nikauliza, "Kifuniko cha hii shafti, hiki chuma cha kuzungusha visu, kiko wapi?"

"Tumetoa, madam, ndio wateja waone ni mpya. Na hiyo ni ya waoga."

Mume wangu akacheka. (Ndiyo, nakusema, na najua unasoma.)

Muuzaji akawasha trakta, akainama kutuonyesha visu.

Shafti ikanasa pindo la koti lake. Ikamvuta, ikamgongesha kifua kwenye chuma, mara mbili. Alipiga mayowe ambayo sijawahi kusikia. Niliruka nikazima injini. Kilichomwokoa ni koti kupasuka lote mgongoni.

Akakaa chini, damu ikimtoka shingoni.

Mnajua alisema nini?

"Sasa, dada, mnachukua gani?"

Nikamwambia aingie kwa gari, tunaenda hospitali.

Ameshonwa, atapona. Rotaveta hatukununua. Mvua ikitupata kabla hatujapata nyingine, tutalima na jembe.

Ninyi mngenunua kwake? Nitasoma majibu kesho. Ni saa tatu na nusu, nalala.